Askofu Festo Kivengere, Aliyemsamehe Idi Amin

Mwezi huu twamkumbuka Askofu Festo Kivengere wa Uganda, hasa kwa ajili ya vijana wetu wa Musoma, Bunda na Butiama walio katika umri wa sekondari. Ndio umri ambao chuki huingia upesi na kukawia kutoka.

Festo alizaliwa Kigezi mwaka 1919, akawa mwalimu Rukungiri angali kijana. Hakutaka habari za Mungu. Alipenda pombe, na moyoni alimchukia mmisionari mmoja Mwingereza. Mwaka 1941 Uamsho ulimfikia, akatubu. Lakini yule Mzungu hakumtoka moyoni. Basi alipanda baiskeli, akasafiri safari ndefu mpaka kwake, akamweleza wazi jinsi alivyomchukia, akaomba msamaha. Alirudi na furaha. Mzigo ule alikuwa ameubeba yeye mwenyewe muda wote.

Mwaka 1946 alikuja kwetu Tanganyika, akafundisha vijana wa sekondari Dodoma kwa miaka mingi. Watu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kukutana, kuungama na kumshukuru Mungu mbele ya wenzao. Wazee wetu wanaujua wimbo wao wa Tukutendereza. Wataalamu wa siku hizi wanaelekea huko huko. Mwaka 2008 Jeffrey Froh na wenzake wa Marekani walitoa habari za wanafunzi 221, ambao baadhi yao waliandika kila siku, kwa majuma mawili, mambo ya kushukuru. Hao walionekana kuridhika zaidi na maisha yao.

Mwaka 1972 Festo aliwekwa kuwa Askofu wa Kigezi. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kupinga mauaji. Tarehe 16 mwezi ule Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Festo na mkewe Mera walikimbia usiku kwa miguu, wakavuka milima mpaka Rwanda.

Uchungu ulimla. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa kanisani London, aliona kwamba chuki kwa Amin inamkausha roho, akamsamehe. Baadaye aliandika kitabu cha kusema kwamba anampenda. Wengine walichukizwa, nasi twawaelewa. Lakini hakuita ubaya wema, wala hakuacha kusema hadharani yaliyotendeka. Twalitaja hili kwa sababu binti aliyeumizwa nyumbani huambiwa asamehe, kumbe anaambiwa anyamaze. Huo si msamaha wa Festo.

Vita iliyomwondoa Amin mwaka 1979 twaijua sana sisi wa Mara. Mwalimu Nyerere na Jenerali David Musuguri wote walizaliwa Butiama. Wako waliofiwa na baba zao vitani, wakakua na jina la Amin kama mwiba moyoni.

Festo alirudi Kigezi mwaka ule ule. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988, kwa kansa ya damu.