Thomas Odhiambo: Mkenya aliyejenga kituo cha kufuga adui wa wadudu waharibifu

Msikilizaji wetu, ukishusha tenga la nyanya Kariakoo alfajiri, dalali hakuulizi umepiga dawa mara ngapi. Anatazama tu kama nyanya imetobolewa. Ndiyo maana wengi wetu, tukishauza, hupitia kwanza maduka ya pembejeo ya hapo hapo sokoni, na sehemu ya pesa ya mazao inabaki pale kwa chupa ya dawa. Msimu ujao wadudu wanarudi shambani, nasi tunarudi dukani.

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyetafuta njia nyingine, Profesa Thomas Risley Odhiambo.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Alisoma shule ya Maseno, karibu na Kisumu, kisha Chuo cha Makerere, Uganda. Baada ya hapo alifanya kazi katika idara ya kilimo ya Uganda, akichunguza wadudu wa mimea. Mwaka 1959 aliandika kuhusu mdudu mmoja anayewinda wadudu wenzake na kuwafyonza. Alichokiona ni kwamba dume wa mdudu huyo ndiye anayelinda mayai. Wengi wetu tukimkuta mdudu wa aina hiyo kwenye jani tungemponda kwa kidole, tukidhani ni mharibifu. Kijana huyu alikaa akamtazama mpaka akajua kazi yake.

Alikwenda Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1965 akapata shahada ya uzamivu kwa utafiti juu ya nzige wa jangwani. Angeweza kubaki huko, lakini alirudi Nairobi kufundisha.

Swali lililomsumbua lilikuwa hili: kwa nini wadudu wanaokula mazao ya Afrika wachunguzwe Ulaya, na mkulima wa Afrika auziwe majibu yakiwa kwenye chupa? Mwaka 1970 alianzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kinachojulikana kama ICIPE. Kilianza kwa makao ya kuazima pale Chiromo, Nairobi. Baadaye kikajenga makao yake Kasarani, yakaitwa Duduville, na kituo kingine Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria, karibu na wakulima wenyewe. Wanasayansi vijana kutoka nchi nyingi za Afrika walisomea hapo. Mwaka 1985 alikuwa mbele pia katika kuanzisha Chuo cha Sayansi cha Afrika, akawa rais wake wa kwanza.

Sasa tuone kazi yenyewe, kwa mfano mmoja. Mkulima wa mahindi anamjua bungua, funza anayeingia ndani ya bua. Akishaingia, dawa haimfikii kwa urahisi. Kuna bungua mmoja aliyetoka Asia, akaingia Afrika Mashariki bila adui wake wa kwao. Odhiambo akiwa bado mkurugenzi, wataalamu wa kituo walimleta adui huyo, nyigu mdogo sana asiyemuuma mtu.

Ili kumfuga nyigu, lazima kwanza umfuge bungua. Funza hulishwa maabara mpaka wanenepe, kisha nyigu jike huachiwa awafikie. Anamdunga funza na kutaga makumi ya mayai ndani ya mwili wake. Mayai yanaanguliwa, na watoto wa nyigu wanamla funza kwa ndani. Baada ya wiki moja au mbili wanatoka nje na kujifunga ndani ya vifuko vyeupe vidogo kama punje za mchele. Funza anakufa, nao nyigu wapya wanapelekwa shambani. Mwaka 1993 waliachiwa pwani ya Kenya, wakazaana wenyewe na kuendelea kuwinda bila mkulima kulipa senti.

Mwaka 1987 Odhiambo alipewa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kupambana na njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Aliacha ukurugenzi mwaka 1994, na akafariki Nairobi mwezi Mei 2003. Kituo cha Mbita leo kina jina lake.

Kazi ya namna hiyo haikuishia Kenya. Kwetu, pale Kibaha, njiani kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, wataalamu wa serikali wamefuga wadudu rafiki, wakiwemo mbawakawa wanaokula magugu maji.

Hatusemi dawa zote zitupwe leo. Wadudu rafiki hawamalizi waharibifu wote, na wanachukua muda. Lakini dawa nyingi za dukani hazichagui: zinamuua funza na nyigu wake pamoja, na funza akirudi hakuna wa kumzuia. Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla ya kubeba bomba mgongoni, ingia shambani asubuhi ukatazame. Ukipasua bua ukakuta vifuko vyeupe pembeni ya funza aliyesinyaa, ujue una wafanyakazi usiowalipa. Mwite afisa ugani mtazame pamoja, kisha ndipo uamue kama safari ijayo ya Kariakoo utahitaji kupitia duka la dawa.