Bwana Guppy na Samaki Aliyechukua Jina Lake

Kila shule zinapofungwa, hakosekani mzazi wa kuniuliza ni samaki gani amnunulie mwanawe aliyelilia tangi la kioo mpaka akaitikiwa. Wengine huniuliza barazani, wengine baada ya sala ya Ijumaa tukiwa bado twatafuta viatu. Jibu langu halibadiliki: anza na gapi. Ni samaki mdogo mno, dume hupata kiasi cha sentimita 3 na jike huweza kufika 6, lakini rangi za madume ni kama duka la leso mkesha wa Idi. Tena ni mgumu. Maji yenye chumvi kidogo huyavumilia, joto la Mombasa ndilo joto lake, na mtoto akisahau kumlisha siku moja, kesho yake atamkuta bado anaogelea.

Wengi hudhani gapi ni jina la biashara tu, kama majina ya sabuni. Sivyo. Ni jina la mtu, na maisha ya mtu huyo yastahili kujulikana na kila nyumba inayofuga samaki wake.

Robert John Lechmere Guppy alizaliwa mjini London tarehe 15 Agosti 1836. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyehamia kisiwa cha Trinidad, na huko akaja kuwa meya wa mji wa San Fernando. Mama yake, Bibi Amelia, alikuwa mchoraji na alishika kamera zamani ambazo kamera yenyewe ilikuwa jambo la ajabu. Alipata hata kusafiri katika mto Orinoco, safari ambayo wanaume wengi wa zama zake wasingeithubutu. Kijana Robert hakulelewa nao. Alikaa kwa babu na bibi yake huko Herefordshire, Uingereza, katika kasri kongwe la Kinnersley. Nyumba ya mawe, mashamba, watumishi. Kwa kijana mwingine hayo yangetosha.

Yeye hayakumtosha. Alipopata miaka 18 aliondoka Uingereza, na mwaka wa 1856 chombo alichopanda kilivunjika katika pwani ya New Zealand. Yasimuliwa kwamba alikaa miaka miwili na Wamaori, wenyeji wa nchi ile, akizunguka na kuchora ramani za sehemu zao. Sisi watu wa pwani twajua maana ya mtu kutupwa na bahari mahali asipojua lugha wala desturi, akapokewa. Alipotoka huko hakurudi kwenye kasri. Alishika njia ya Trinidad, waliko wazazi wake, na huko ndiko alikooa, Bibi Alice Rostant, na ndiko alikozeekea.

Trinidad ni kisiwa kilicho karibu sana na bara la Amerika ya Kusini, mbele ya nchi ya Venezuela. Wakati ule kilikuwa chini ya Uingereza. Watumwa walikuwa wamepata uhuru kamili mwaka wa 1838, na tangu 1845 mashamba ya miwa yalikuwa yakiletewa Wahindi wa mkataba, miongoni mwao Waislamu waliokuja kujenga misikiti yao huko, mbali kabisa na makwao. Basi kilikuwa kisiwa cha watu mchanganyiko, wenye dini nyingi na lugha nyingi. Katika kisiwa hicho Bwana Guppy alipewa kazi ya mkaguzi mkuu wa shule, akaishika kwa miaka mingi.

Mkaguzi hakai mahali pamoja, na macho ya Bwana Guppy hayakuishia kwenye madaftari ya walimu. Hakusomea sayansi katika chuo kikuu chochote, lakini alikuwa na mapenzi makubwa ya mawe na makombe. Alikusanya visukuku, yaani kombe na konokono wa bahari waliogeuka mawe kwa kupita kwa miaka isiyo na hesabu, akawalinganisha wa Trinidad na wa Jamaica na visiwa vingine, akayaandika aliyoyaona na kuyapeleka London kuchapishwa. Hiyo ndiyo kazi aliyoithamini. Samaki alikuwa jambo la kupita njia.

Mwaka wa 1866 samaki wadogo wa mito ya Trinidad, aliowapeleka yeye, walifika katika jumba la makumbusho la Uingereza. Waliangukia mikononi mwa Albert Günther, bingwa wa samaki aliyetoka Ujerumani. Günther alidhani ni samaki mgeni kwa wataalamu, na kwa kumheshimu aliyewapeleka akamwita *Girardinus guppii*. Hapo ndipo jina lilipoingia majini.

Lakini kumbe samaki yule alikwisha andikwa. Mjerumani Wilhelm Peters, wa makumbusho ya Berlin, alikuwa amempata kutoka Caracas, Venezuela, akamwita *Poecilia reticulata* mwaka wa 1859, miaka saba kabla. Mwitaliano De Filippi naye alimwandika mwaka wa 1861 kwa samaki waliotoka kisiwa cha Barbados. Sheria ya wataalamu ni kwamba jina la kwanza ndilo jina. Kwa hiyo katika vitabu vya sayansi leo samaki huyu ni wa Peters, na jina la Guppy limefutwa.

Huyo Peters si mgeni kwetu. Baada ya 1842 alikaa miaka kadhaa akikusanya wanyama katika pwani ya Msumbiji, na yule sange mwenye pua ndefu anayekimbia chini ya miti katika misitu ya pwani yetu ya kusini, mwekundu mbele na mweusi nyuma, alipewa jina lake mwaka wa 1880. Mijikenda wa kaya zile humjua sange tangu jadi bila kuhitaji Peters. Na kwa gapi pia watu wa mitaani hawakuwajali mabingwa. Wafugaji wa samaki wa Ujerumani walipoanza kumfuga mwaka wa 1908, jina la mkaguzi wa shule lilizidi kushika, na mpaka leo mwenye duka ukimwambia nataka reticulata atakutazama tu.

Wakati huo Bwana Guppy alikuwa mzee, na samaki wake alikuwa akisafirishwa kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka wa 1897 ilithibitishwa kwamba mbu ndiye mchukuzi wa malaria. Sasa, Barbados samaki huyu alikuwa mwingi hata wenyeji wakamwita mamilioni, na watu wakasema kwamba ndiye aliyekipunguzia kisiwa kile malaria kwa kula viluwiluwi vya mbu. Habari ilienea, na serikali za makoloni zikaanza kumtia katika mifereji na mabwawa ya nchi nyingi.

Wazee wetu hawakungoja Barbados. Katika nyumba za kale za Lamu na katika misikiti mingi ya pwani, birika la maji lilitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi. Wenyeji wa Lamu watakuonyesha pia bakuli la kaure lililojengewa chini kabisa ya birika: maji yakitolewa ili birika lisafishwe, samaki walikusanyika katika bakuli hilo wakaokoka. Mtu akisema kufuga samaki ndani ya nyumba ni mambo ya Wazungu, mpeleke akaone bakuli lile.

Narudi kwa mzazi na mtoto wake. Mtoto atavutwa na rangi, na rangi za gapi zina hadithi yake. Dume ndiye mwenye madoa mekundu, ya samawati na ya manjano. Jike ni wa kijivu tu. Huko Trinidad, sehemu za chini za mito zina samaki wakubwa wanaokula gapi, na huko madume wana rangi hafifu, kwa kuwa mwenye kung'aa huonwa kwanza na kuliwa kwanza. Juu ya maporomoko, wasikofika maadui hao, madume ni kama maua. Mwaka wa 1976 mtaalamu John Endler aliwachukua gapi kutoka sehemu ya hatari ya mto Aripo, akawahamishia kwenye kijito kisicho na maadui wale. Haikupita miaka miwili ila vizazi vyao vilikuwa vimezidi madoa. Haya yote yalikuwa mitoni mwa kisiwa cha Bwana Guppy alipokuwa akiinama kutafuta makombe.

Dukani utaona aina mbili. Wako gapi wenye mikia mirefu kama shela ya bibi harusi, waliochaguliwa na wafugaji kizazi baada ya kizazi, ndugu kwa ndugu. Ni wazuri, lakini mara nyingi ni dhaifu, na mkia ule humzuia kuogelea. Wako na wale wa kawaida, mkia mfupi, madoa yasiyo na mpango, wanaofanana na wale waliotoka Trinidad. Kwa tangi la kwanza la mtoto mimi hushauri hao wa kawaida, ingawa mwenye duka hatafurahi kwa kuwa ni wa bei rahisi. Tazama anayeogelea kwa haraka, mapezi yamekunjuka, hana vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Na ukiona maiti ndani ya tangi la duka, usinunue hata mmoja humo.

Nunua madume peke yao, watano au sita kwa tangi la lita 40. Gapi hatagi mayai, huzaa watoto walio hai kila baada ya wiki tatu au nne. Jike huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hata ukimnunua peke yake atazaa tena na tena, na wazazi huwala watoto wao wenyewe. Si jambo la kumwonyesha mtoto wa miaka sita siku ya kwanza.

Maji ya visima vyetu, yanayotoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa, na gapi huyapenda. Maji ya bomba yenye dawa yaachwe wazi siku nzima kwanza. Usijaze tangi samaki wote siku moja, kwani uchafu wao ni sumu mpaka vijidudu vinavyouvunja vizaliwe kwenye changarawe na mimea, na hilo huchukua wiki kadhaa. Anza na wawili. Badilisha robo ya maji kila wiki, wala usiyamwage yote. Chakula kiwe kidogo kinachomalizwa kwa dakika mbili. Tangi nyingi zilizokufa ziliuawa kwa huruma ya mkono wa mtoto. Ziba juu, kwani huruka, na usiliweke tangi dirishani kwenye jua.

Na wale samaki wa miambani ambao watoto huwachota kwenye vidimbwi maji yakitoka? Warudishwe baharini. Rangi zao hazina mfano, lakini wataka maji ya bahari yenye kipimo maalumu na tangi kubwa, na mara nyingi aliyetiwa ndooni asubuhi hafiki magharibi.

Lipo jambo moja ambalo silionei mzaha. Ugumu ule ule unaomfaa gapi kwa mtoto ndio uliomfanya aenee duniani kupita kiasi. Alipotiwa mitoni kwa ajili ya mbu, mahali pengi mbu walibaki na samaki wenyeji wakapungua, na hata katika maji ya Kenya gapi amekwisha onekana. Katika mabwawa ya mvua nyuma ya pwani, upande wa Kwale na Kilifi, tunao samaki wetu wadogo wa rangi ambao hawapatikani popote ila Afrika ya Mashariki. Wao huishi miezi michache, bwawa likakauka wakafa, na mayai yao hukaa katika tope kavu mpaka mvua irudi. Gapi hawezi kiangazi kile, lakini bwawa lisilokauka atalishika na kulijaza. Mtoto akichoka na tangi, samaki wapewe jirani au watiwe katika birika la nyumbani lisilotoka nje. Wasimwagwe mtoni, wala mtaroni.

Bwana Guppy alifariki Trinidad tarehe 5 Agosti 1916, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 80. Mwaka wa 1921 profesa mmoja wa Marekani, aliyeona kwamba maandishi yake yametawanyika katika majarida yasiyopatikana tena, aliyakusanya na kuyachapisha upya. Ni maandishi ya visukuku, konokono na kombe, ukurasa kwa ukurasa. Gapi hamo.