Frank Hornby, karani wa kampuni ya nyama aliyetengeneza treni za watoto

MWANZONI mwa mwaka 1901 karani mmoja wa mji wa Liverpool, Uingereza, alimwendea mwajiri wake akaomba mkopo wa pauni tano. Fedha hizo hazikuwa za mgonjwa wala za karo. Alitaka kulipia hati ya kulinda uvumbuzi wake: vipande vya bati vyenye matundu, alivyokuwa amewakatia wanawe wawili wa kiume ili wachezee nyumbani. Mwajiri, Bwana David Elliott, alimkopesha. Karani huyo ni Frank Hornby, ambaye leo jina lake linajulikana duniani kwa treni ndogo za kuchezea.

Alizaliwa Liverpool tarehe 15 Mei 1863. Baba yake, John, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Kijana Frank aliacha shule akiwa na miaka 16 akaingia katika biashara hiyo kama mtunza fedha. Uhandisi hakuusomea popote. Alikuwa mtu wa daftari, na jioni akirudi nyumbani alikuwa mtu wa koleo na mkasi wa bati. Mwaka 1887 alimwoa Clara Godefroy, mwalimu wa shule, binti wa ofisa forodha. (Ndugu zangu mnaovuka daraja la Rusizi kila asubuhi na mizigo, msicheke: forodha ilikuwa ukweni kwake.) Walipata wavulana wawili, Roland na Douglas, na binti mmoja, Patricia. Baba yake alipofariki mwaka 1899 biashara ya familia ilifungwa, na Frank akiwa na miaka 36 akaajiriwa na Elliott kutunza hesabu katika kampuni ya kuagiza nyama.

Tuangalie alichovumbua, maana chenyewe ni kitu rahisi sana. Zamani mzazi aliyetaka kumtengenezea mtoto winchi alikata vipande vya winchi. Kesho yake mtoto akitaka daraja, mzazi huyo alianza upya. Hornby aliamua kila kipande kiwe na upana mmoja, nusu inchi, na matundu yake yaachane kwa nusu inchi ileile. Hapo kipande chochote kiliweza kufungwa na chochote kingine kwa nati na bolti, na ekseli ikapita katika tundu lilelile. Winchi ikachoka, inafunguliwa, inakuwa daraja. Hakuna kinachotupwa.

Seti za kwanza ziliingia madukani mwaka 1902 kwa shilingi 7 na peni 6 za Kiingereza, zikiwa na aina 16 za vipande na karatasi ya maelekezo ya vifaa 12 vya kuunda. Profesa Hele-Shaw, mkuu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Liverpool, aliandika barua ya kuisifu kazi hiyo, na Hornby aliitumia vizuri kuwashawishi wenye maduka. Hata hivyo faida haikuonekana hadi mwaka 1906. Mfanyabiashara wa Kamembe anaelewa maana ya kukaa miaka hiyo yote na bidhaa inayosifiwa lakini haimrudishii mwenyewe mtaji. Muda wote huo Hornby alibaki mwajiriwa wa Elliott, ambaye sasa alikuwa pia mbia wake.

Mwaka 1907 mambo yakageuka. Vipande vilikuwa vinatengenezwa na viwanda vya watu wengine, na viwanda hivyo vilishindwa kutosheleza maduka. Hornby akaacha kazi, akapanga jengo mtaa wa Duke, akakopa fedha za mashine na mishahara, akaanza kutengeneza mwenyewe. Alikuwa na miaka 44, mke na watoto. Mimi niko katika umri huohuo, nina mshahara wa ualimu usiokosa kila mwezi, na nakiri kwamba hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi kwa ajili yangu; kila mara kalamu inasimama kwenye mishahara ya wengine. Mtu aweza kuivumilia njaa yake mwenyewe, lakini mfanyakazi anataka chake Jumamosi.

Septemba ya mwaka huo aliandikisha jina Meccano, na mwaka 1908 ikaundwa kampuni ya jina hilo. Elliott hakutaka kuingia humo, akajitoa. Wala simlaumu, biashara yake ilikuwa nyama. Miaka michache baadaye Meccano ilikuwa na ofisi Paris na Berlin, na mwaka 1914 kikafunguliwa kiwanda kikubwa barabara ya Binns, Liverpool. Mwaka huohuo vita vikaanza na biashara ya Ujerumani ikamponyoka.

Vita hivyo ndivyo vilivyomfikisha kwenye treni. Kabla ya mwaka 1914 treni nyingi za bati walizochezea watoto wa Uingereza zilitoka Ujerumani, hasa mji wa Nuremberg, na zilikuwa nzuri kwa bei nafuu. Baada ya vita Waingereza wengi hawakutaka tena kununua kitu cha Kijerumani, na rafu zikabaki wazi. Mwaka 1920 Hornby akatoa treni yake: kichwa cha magurudumu manne kinachotembea kwa springi inayojazwa kwa ufunguo, juu ya reli zilizoachana milimita 32. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa nati na bolti, kichwa hicho hakikubanwa kwa ndimi za bati zilizokunjwa kama vya Wajerumani. Kilifungwa kwa nati na bolti. Mtoto akikidondosha na kukipinda, anakifungua, ananunua kipande kilichoharibika peke yake, anakifunga tena. Baadaye, mauzo yalipokuwa makubwa, kampuni nayo iliingia katika ndimi za kukunja kwa sababu zinaokoa muda kiwandani. Kwa maoni yangu hapo treni ilipoteza kitu, ingawa mhasibu hatakubaliana nami.

Sasa msomaji atauliza mwalimu wa Rusizi anatafuta nini kwenye treni, wakati Rwanda hadi naandika haya haina reli. Reli iliyokuwa jirani yetu kuliko zote ni ile ya Wabelgiji ng'ambo ya mto, kutoka Uvira hadi Kamanyola, nayo ilifungwa kabla Kongo haijapata uhuru mwaka 1960. Ila wengi wetu hatukukulia hapa. Familia yangu ilikuwa Mwese, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi wa Kinyarwanda, na treni niliiona Mpanda, mwisho wa tawi linaloanzia Kaliua. Kwetu watoto kile kichwa cha dizeli kilikuwa ndiyo dunia nzima. Tulikiunda kwa makopo ya samaki, waya, na magurudumu ya kandambili zilizokatika. Mvulana aliyejua kuweka ngazi ya dereva na taa ya mbele aliheshimiwa kuliko mwenye mpira.

Wanafunzi wangu hawajaona treni, lakini treni za plastiki kutoka China zinauzwa sokoni kwa faranga elfu chache, na nyingi hufa ndani ya mwezi. Tunazikusanya zilizokufa. Siku za Jumamosi tunafungua skrubu za chini, tunasugua kwa msasa vibati vya betri vilivyoota kutu, tunaondoa nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli, kwani hizo huziua kuliko ubovu wa mota. Vichwa hivi ni vyepesi mno, magurudumu huteleza bila kusogea. Kwa hiyo tunagundisha nati kuukuu ndani, juu ya ekseli inayoendeshwa na mota, na kichwa kinavuta. Kisha yanakuja mapambo: vishikio vya nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, makaa ya mkaa uliopondwa na kugandishwa kwa gundi ya mbao, na rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, ambayo hupakwa halafu hufutwa kwa kitambaa ili ibaki kwenye mikunjo tu. Mng'aro wa plastiki unatoweka. Kitu kinaonekana kizito, kimefanya kazi, kimetoka safari.

Mama mmoja mwenye biashara ya unga kati ya Kamembe na Bukavu alinifuata shuleni. Alisema: "Mwalimu, mwanangu namtaka mezani sokoni siku ya Jumamosi, na wewe unamfundisha mchezo wa reli ambayo hatuna." Hoja yake ni nzito, na mimi sina ahadi ya ajira ya kumpa mtoto yule. Nilimwonyesha kichwa alichokirekebisha mwanawe, nikamweleza habari za yule karani wa nyama na miaka yake bila faida. Alisikiliza, akauliza pauni tano za wakati ule zingenunua nini, akaondoka. Tangu hapo mtoto huja Jumamosi moja, inayofuata yuko kwenye unga.

Turudi kwa Hornby, maana miaka yake ya mwisho ilikwenda kwa kasi. Mwaka 1925 alitoa treni ya umeme. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 akaleta aina ya bei nafuu iliyopewa herufi M, kwa nyumba zisizomudu ile kubwa. Magari madogo ya chuma yaliyotoka kiwandani kwake yakapata jina la Dinky Toys mwaka 1934. Wakati huo alikuwa tajiri na pia mbunge wa Everton kupitia chama cha Conservative, kiti alichokipata mwaka 1931 na ambacho hakukigombea tena 1935. Bungeni hakuacha alama kubwa. Alikuwa na maradhi ya moyo na kisukari, akafariki tarehe 21 Septemba 1936 akiwa na miaka 73. Mwanawe Roland, mmoja wa wale wawili waliochezea vipande vya kwanza, ndiye aliyekalia kiti chake katika kampuni.

Treni ndogo zaidi, zenye reli za milimita 16.5, zilitoka mwaka 1938 kwa jina la Hornby-Dublo, yeye akiwa ameshafariki. Mwaka 1964 kampuni ikanunuliwa na wapinzani wake, na mwaka 1979 kiwanda cha barabara ya Binns kikafungwa. Jina la Hornby liliendelea chini ya wamiliki wengine, na katika miaka ya 1990 utengenezaji ukahamishiwa China, nchi ileile inayotuletea vichwa vyetu vya plastiki pale Kamembe.