Gauss na siku aliyokumbuka mama yake

Ndugu msikilizaji wa Masisi na Walikale, fungua kalendari ya telefone yako. Noeli haihami, iko tarehe 25 Desemba kila mwaka. Lakini Pasaka inatembea: mwaka 2024 ilianguka tarehe 31 Machi, mwaka 2025 tarehe 20 Aprili, mwaka 2026 tarehe 5 Aprili. Ndani ya telefone hakuna mtu anayeangalia mwezi. Ni programu inayopiga hesabu, na mmoja wa waliofungua njia ya hesabu hiyo ni Mjerumani aliyezaliwa na mama asiyejua kuandika.

Jina lake Carl Friedrich Gauss. Alizaliwa mji wa Braunschweig mwaka 1777. Baba yake, Gebhard, aliishi kwa kazi za mikono kama kujenga na kulima bustani. Mama yake, Dorothea, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani mbele ya kuolewa. Siku aliyomzaa mtoto hakuiandika fasi yoyote. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa siku ya tatu, ndiyo Jumatano, na zilibaki siku nane kufikia sikukuu ya Kupaa kwa Bwana.

Mtoto alionekana mapema kuwa na kichwa cha hesabu. Nyumbani pesa hazikutosha, lakini mtawala wa Braunschweig alikubali kulipa masomo yake. Mwaka 1795 akaingia chuo kikuu cha Göttingen. Mwaka 1801 alitoa kitabu kikubwa juu ya namba, na humo akapanga vizuri hesabu ya mabaki, yaani kile kinachobaki ukishagawanya. Mwaka ule ule wataalamu wa nyota walikuwa wamepoteza Ceres, nyota ndogo inayozunguka jua. Gauss akapiga hesabu ya njia yake, na Desemba ikaonekana tena karibu na fasi aliyotaja.

Hesabu ya Pasaka aliitoa mwaka 1800. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa mwezi unaohesabiwa na Kanisa. Mwezi unarudia tarehe zake karibu kila miaka 19, mwaka mrefu unarudi kila miaka 4, na juma lina siku 7. Basi tujaribu mwaka 2026. Ukiugawanya kwa 19 inabaki 12, kwa 4 inabaki 2, kwa 7 inabaki 3. Chukua 12 mara 19, ongeza 24: ni 252. Gawanya kwa 30, inabaki 12. Sasa jumlisha 2 mara 2, 4 mara 3, 6 mara 12, na 5: ni 93. Gawanya kwa 7, inabaki 2. Anza na 22, ongeza 12 na 2: ni siku ya 36 tangu Machi ianze. Machi ina siku 31, basi ni tarehe 5 Aprili.

Zile 24 na 5 zinatumika kwa miaka 1900 mpaka 2099. Iko miaka michache ya pekee: mwaka 1981 hesabu inaleta 26 Aprili, na lazima kurudisha juma moja, 19 Aprili. Programu isiyowekewa sharti hilo inadanganya watu. Gauss mwenyewe alikosea sehemu moja kwa miaka ya mbali sana. Mwanafunzi wake Tittel alimwonyesha, naye akasahihisha mwaka 1816.

Kwa mwaka 1777, ambao unatumia 23 na 3, Pasaka inatoka 30 Machi. Kupaa ni siku ya 40 ukihesabu Pasaka yenyewe: 8 Mei. Rudi nyuma siku nane, unafika Jumatano 30 Aprili. Mama alikuwa na haki.

Tangu 1807 Gauss aliongoza nyumba ya kuangalia nyota huko Göttingen. Mama yake aliishi naye kwa miaka mingi, akawa kipofu, akafariki mwaka 1839. Gauss akafariki tarehe 23 Februari 1855.

Kwetu, sheria inapatia wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto. Zikipita, inaombwa hukumu ya tribinali. Kwa watu wanaokimbia vita, siku 90 zinapita upesi, kisha mara nyingi mtoto anaandikwa tu 1 Januari. Mwaka ukikosewa, kijana wa miaka 16 anaweza kuhesabiwa mtu mzima, juu utu uzima unaanza kwenye miaka 18.

Kwa hiyo usidharau maneno ya mama. Akisema alizaa siku ya tano, siku mbili mbele ya Jumapili ya Matawi, mwaka ule volkano ya Nyiragongo ilifika Goma, muulize: ya 2002 ao ya 2021? Akijibu ya 2002, Pasaka ilikuwa 31 Machi, basi mtoto alizaliwa 22 Machi. Hesabu haichukui nafasi ya karatasi ya serikali, lakini inaonyesha tarehe ya kuomba iandikwe. Andikeni anayoyakumbuka wakati angali hai.