Adolphe Sax: Aliyetengeneza saksafoni, akaipuliza, akaifundisha, akafa hana kitu

Jumamosi yoyote ya harusi, iwe Tunduma, Vwawa au Mlowo, matarumbeta yakipita barabarani watu hutoka nje kuangalia. Ukiona kwenye kundi kuna saksafoni, ile ya shaba yenye shingo iliyopinda, ujue jina lake limetokana na jina la mtu.

Mtu huyo ni Adolphe Sax. Alikuwa fundi, mpulizaji na mwalimu, vyote kwa pamoja.

Kuponea kifo

Sax alizaliwa Novemba 6, 1814 katika mji wa Dinant, ambao leo uko Ubelgiji. Baba yake, Charles-Joseph, alikuwa fundi wa ala za muziki, hivyo mtoto alikulia karakana.

Utoto wake ulikuwa wa ajali juu ya ajali. Inasimuliwa kuwa alidondoka kwenye ngazi za ghorofa akapiga kichwa chini, akameza pini, akanywa maji yenye asidi akidhani ni maziwa, akaungua kwa baruti, na nusura afe maji mtoni. Majirani wakawa wanamwita mzimu, maana walishamkatia tamaa.

Hakufa. Alisoma klarineti Brussels hadi akawa mpulizaji wa kuaminika. Hilo ndilo lililomsaidia kwenye ufundi, kwa sababu kila alichokitengeneza alikipuliza mwenyewe akasikia kasoro iko wapi. Mwaka 1838 alipata hataza ya klarineti nzito ya besi aliyoiboresha.

Paris na vita ya mafundi

Mwaka 1842 alihamia Paris mfukoni hana pesa za maana. Bahati yake, mtunzi Hector Berlioz alimsikiliza, kisha mwezi Juni mwaka huo akamwandika vizuri gazetini.

Wazo la Sax lilikuwa hivi: bendi za jeshi zilikuwa na tarumbeta zenye sauti kali na klarineti zenye sauti laini, katikati pana pengo. Akachukua ulimi wa tete kama wa klarineti, akaufunga kwenye bomba la shaba linalopanuka kuelekea mdomoni. Ndiyo maana mpaka leo saksafoni, ingawa ni ya shaba, wataalamu huiweka kundi moja na klarineti na filimbi.

Februari 1844 aliipuliza mbele ya watu Paris, kwenye onesho la Berlioz. Hataza ya saksafoni aliipata mwaka 1846.

Mafundi wenzake hawakufurahi. Aprili 22, 1845 palifanyika shindano la wazi kwenye uwanja wa Champ de Mars: bendi yenye ala za zamani upande huu, bendi ya Sax upande ule. Wapulizaji kadhaa wa Sax hawakutokea, na inasimuliwa kuwa yeye mwenyewe aliingia kuziba pengo. Umati ulimshangilia yeye, na jeshi la Ufaransa likachukua ala zake.

Hapo ndipo kesi zilipoanza. Wapinzani waliungana wakamshtaki wakidai hataza zake si halali, na yeye akawashtaki kwa kumuigiza. Kesi zilikula miaka na zikala pesa. Mwaka 1852 akafilisika kwa mara ya kwanza.

Mwaka uliofuata akaota uvimbe mdomoni. Kwa mpulizaji, mdomo ndiyo kazi. Alihangaika na ugonjwa huo hadi 1859, alipopona baada ya kutibiwa kwa dawa za mitishamba.

Darasa la Sax

Akiwa bado mgonjwa, mwaka 1857 alipewa kazi ya kufundisha saksafoni kwenye Conservatoire ya Paris, chuo kikubwa cha muziki nchini humo. Wanafunzi wake walikuwa askari wa bendi za jeshi.

Kulikuwa na tatizo: ala ilikuwa mpya, hivyo nyimbo za kujifunzia hazikuwapo. Sax akatafuta watunzi wamwandikie, kisha akachapisha mwenyewe. Nyingine zilitumika kwenye mitihani ya wanafunzi wake, na wapiga saksafoni wanaendelea kuzipiga hadi leo.

Usiku alikuwa na kibarua kingine. Kwa miaka mingi aliongoza wapulizaji wa jukwaani katika Opera ya Paris. Mwalimu mchana, jukwaani usiku. Maisha ambayo wanamuziki wengi wa kwetu wanayajua.

Mwaka 1870 vita kati ya Ufaransa na Prussia ilipoanza, darasa likafungwa. Hataza yake ilikuwa imeshaisha tangu 1866, kila fundi akawa huru kutengeneza saksafoni. Akafilisika tena 1873, na mara ya tatu 1877, hadi mkusanyiko wake wa ala za muziki ukapigwa mnada. Uzeeni, wanamuziki walimwombea serikalini akapata pensheni ndogo.

Alifariki Februari 7, 1894 akiwa na miaka 79. Amezikwa kwenye makaburi ya Montmartre, Paris.

Alichokosa kukiona

Darasa la saksafoni pale Conservatoire lilirudi mwaka 1942 tu, chini ya Marcel Mule. Miaka 72 ilipita bila mwalimu wa ala hiyo kwenye chuo ilikoanza kufundishwa.

Lakini saksafoni haikungoja chuo. Ilishaingia kwenye bendi za jeshi, ikavuka hadi Marekani ikawa sauti ya jazi, na huku kwetu ikawa sauti ya dansi. Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, walikuwa na King Michael Enoch, mpuliza saksafoni ambaye wenzake walimwita Ticha kwa sababu ya kuwafundisha wengine.

Ubelgiji ilikuja kuweka sura ya Sax kwenye noti ya faranga 200. Yeye mwenyewe noti zilimpita mkononi tu. Kilichobaki ni ala, na kila anayemshika mwenzake vidole kumwonesha pa kubonyeza anaendeleza darasa lililofungwa 1870.