Karani wa Tanga na Wanafunzi wa Garissa

Imekuwa ada kwa baadhi ya walimu wetu kuzihesabu hadithi za majini, za watu waliogeuzwa manyani na za nchi zisizokuwamo katika ramani kuwa ni porojo za watoto, zisizostahili kukaa rafu moja na vitabu vya mtihani. Mimi sikubaliani nao. Katika Kiswahili hadithi za namna hiyo ziliandikwa na mtu mzima, karani wa serikali, aliyekuwa na sababu nzito za kuziandika. Wala sioni mahali zinapofaa kusomwa zaidi ya Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya kwa miaka 18. Baadaye alihudumu katika idara ya wanyama, katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwishowe katika idara ya upimaji ardhi hadi 1960. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki mwaka 1942 akamwachia watoto. Elimu yake ya darasani, basi, ilikuwa ya miaka michache mno, na mwajiri wake alikuwa mkoloni yuleyule aliyemtawala.

Karani wa aina hiyo angeinuka hadharani kuilaumu serikali, kazi ingekwisha siku hiyohiyo. Mwaka 1951 ikatoka Kusadikika, nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarejea na habari za nchi zenye utaratibu mwema, na kila mmoja akalipwa kifungo. Mahubiri ni mengi kitabuni, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza huenda akapiga miayo. Lakini mwalimu akimfikisha penye hukumu, ambapo waliofungwa wanafunguliwa, hatalala.

Wazee wa Garissa hawahitaji kufasiriwa jambo hilo. Wakati Shaaban Robert akianza ukarani, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa kwa sheria ya 1926, mtu asiingie wala kutoka pasipo kibali. Baada ya uhuru ikafuata hali ya hatari, ambayo haikuondolewa mpaka 1991. Mjumbe anayeadhibiwa kwa kuvuka mpaka na kurudi na habari si ndoto kwa watu hawa.

Kwa watoto ningeanza na Adili na Nduguze, kilichotoka 1952. Ikibali, aliyetumwa na Mfalme Rai kukusanya kodi Janibu, anamkuta Adili akiwapiga manyani wawili kila usiku kwa machozi. Kumbe ni ndugu zake waliomtosa baharini kwa husuda, wakageuzwa na jini Huria. Mtoto wa Kisomali aliyelelewa kwa visa vya Dhegdheer, mwanamke wa sikio refu alaye watu, hatashangazwa na jini. Kiswahili kwake ni lugha ya pili au ya tatu, na kisa kifupi chenye kiu ya kujua kilichofuata kitamfundisha lugha haraka kuliko orodha ya methali.

Nayasema haya kwa sababu ya hali ya shule zenyewe. Mwaka 1996 maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, jambo la kusifiwa. Lakini Januari 2020 walimu watatu waliuawa katika shule ya msingi ya Kamuthe, na wengi wasio wenyeji wakahamishwa. Mahali ambapo mwalimu hakai, kichaguliwe kitabu ambacho mtoto atakifungua pasipo kulazimishwa.

Watu wazima, na hasa walimu, wasiiache Kufikirika, yenye mfalme asiye na mrithi na ubishi juu ya elimu ya mwanawe aliyezaliwa baadaye. Ilichapishwa 1967. Mwandishi alikuwa amefariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, na hakuwahi kuiona ikiwa kitabu.