Mtwa Adam Sapi Mkwawa: Mjukuu wa Kalenga, Spika wa Bunge na Mdhamini wa Hifadhi

Nyanda hizi za juu kusini zimewatoa watu wengi kulitumikia Taifa, lakini ni wachache waliokalia viti viwili vyenye kupingana kama alivyofanya marehemu Mtwa Adam Sapi Mkwawa. Kiti cha kwanza alikirithi kwa damu. Cha pili alipewa na Bunge la nchi huru, nalo ndilo lililokiondoa kile cha kwanza.

Alizaliwa mwaka 1920, mjukuu wa Mtwa Mkwawa ambaye majeshi yake yaliwashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Habari za babu yake zafahamika: ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, vita vikaendelea maporini kwa miaka mingine minne, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi kuliko kukamatwa akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa. Inafaa wasomaji wa kitabu hiki wakumbuke kwamba wamisionari wa Berlin walikuwa wameingia Nyanda za Juu Kusini mwaka ule ule wa vita vya Lugalo, kwa upande wa Unyakyusa. Injili na bunduki zilitoka katika nchi moja, na wazee waliopokea ile ya kwanza walikuwa na sababu nzuri za kuiogopa ile ya pili.

Waingereza walipoanzisha utawala wa kupitia machifu wa wenyeji, walimrudisha madarakani Sapi, mwana wa Mkwawa, mwaka 1926. Adam alimrithi baba yake mwaka 1940, akiwa kijana wa miaka 20. Alikuwa mtu wa shule, kwa kuwa alisoma Tabora na kisha Makerere, na elimu hiyo ilimweka mahali pagumu. Chifu wa nyakati zile alikusanya kodi, alisikiliza mashauri, na katika sehemu nyingi za Tanganyika alitakiwa pia kusimamia amri za kuhifadhi udongo: kulima kwa matuta, kuacha kuchoma moto ovyo, kupunguza mifugo. Amri hizo zilikuwa na maana kwa ardhi, lakini zilichukiwa kwa sababu zilitoka kwa mkoloni na ziliambatana na faini. Machifu wengi walipoteza heshima kwa watu wao kwa njia hiyo. Adam Sapi hakuipoteza, na katika miaka hiyo hiyo ya 1940 akawa miongoni mwa Waafrika wachache wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria.

Tukio lililomfanya ajulikane nje ya Uhehe ni kurudi kwa fuvu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa, jambo la ajabu katika mkataba wa kumaliza vita vya dunia, lakini miaka zaidi ya 30 ilipita bila kutekelezwa. Hatimaye Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen, ambako mafuvu mengi yalikuwa yamehifadhiwa, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Mwaka 1954 alilikabidhi kwa Mtwa Adam Sapi huko Kalenga mbele ya umati mkubwa. Wataalamu wameendelea kuuliza iwapo fuvu hilo kweli ni la Mkwawa. Ni swali la haki. Hata hivyo, kwa mjukuu aliyelipokea, deni la miaka 56 lilikuwa limelipwa, na ya kwamba Gavana alitazamia Wahehe waongeze utii kwa Serikali yake haikupunguza haki yao ya kumzika mtu wao.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, machifu walikabiliwa na swali zito: je, nchi moja inaweza kuwa na raia walio sawa na huku wengine wametawala kwa kuzaliwa? Mwezi Novemba 1962 Adam Sapi alichaguliwa kuwa Spika, akampokea kiti Abdulkarim Karimjee. Mwaka 1963 Bunge lile lile alilokuwa akiliongoza likafuta sheria iliyotambua machifu. Wako waliotazamia kwamba mjukuu wa Mkwawa angejiuzulu. Hakujiuzulu. Alibaki kitini hadi mwaka 1973, akampisha Erasto Mang'enya kwa miaka miwili, akarudi mwaka 1975 na kuendelea hadi Aprili 1994. Jumla ni karibu miaka 30, muda ambao hakuna Spika mwingine wa Tanzania aliyeufikia. Aliliongoza Bunge la chama kimoja, akaliongoza wakati vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, na akaliongoza mwaka 1993 wakati wabunge 55 walipoleta hoja ya Serikali ya Tanganyika, iliyotikisa Muungano.

Kazi yake nyingine haisimuliwi sana, nayo inastahili. Katika miaka ya 1960 alikuwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wadhamini wa Hifadhi za Taifa. Wakati wa Uhuru nchi ilikuwa na hifadhi tatu tu, Serengeti, Ziwa Manyara na Ngurdoto, zote za kaskazini. Watu wengi waliamini kwamba wanyamapori ni starehe ya wazungu, na kwamba Waafrika wakishika madaraka watafungua mapori yote. Mwaka 1964 zilitangazwa Mikumi na Ruaha. Ruaha ilikatwa kutoka pori la akiba la Rungwa, na jina lake limetokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto. Kwa mtu wa ukoo uliozoea kuwinda katika bonde hilo, kutetea mpaka wa hifadhi hakukuwa jambo rahisi, na wanakijiji waliokatazwa kuwinda hawakulipokea kwa furaha.

Umuhimu wa uamuzi ule ulionekana baadaye. Maji ya Ruaha Mkuu hukusanyika Usangu, upande wa Mbeya, hupita katika hifadhi upande wa Iringa, kisha huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kilimo cha mpunga na mifugo vilipoongezeka Usangu, mto ukaanza kukauka wakati wa kiangazi kuanzia mwaka 1993. Mwaka 2008 Usangu uliunganishwa na hifadhi, ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na mvutano kati ya wafugaji, wakulima na wahifadhi ukaendelea.

Adam Sapi hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki mwezi Juni 1999, miezi minne kabla ya Mwalimu Nyerere. Huko Kalenga, fuvu alilolipokea mwaka 1954 limewekwa katika jumba la makumbusho la babu yake.